Je, wajua kwa nini jiwe la India huweza kuwa na cheti na bado likawa limechongwa na mtoto?

Katika wilaya ya Bundi, jimboni Rajasthan, kuna kijiji kiitwacho Budhpura chenye vilima ambavyo havikuumbwa na maumbile: ni kifusi cha machimbo ya jiwe la mchanga, kilichorundikwa kwa miaka mingi. Jiwe la huko hutoka ardhini kwa matabaka, mithili ya chapati zilizopangwa, na soko la nje hupenda mabamba mapana yasiyo na ufa. Yaliyovunjika hutupwa. Wanunuzi wa Ulaya walipoanza kutaka vijiwe vya mraba vya kutandaza njia za bustani na viwanja vya miji, kifusi hicho kiligeuka mali.

Hapo ndipo lilipo jibu. Bamba hukatwa machimboni, mahali penye leseni, msimamizi na lango ambalo mkaguzi anaweza kulibishia hodi, ilhali kijiwe cha mraba hakihitaji lango. Mtu wa kati humwaga shehena ya mabaki uani au kando ya barabara; mama huchuchumaa, huligeuza jiwe kutafuta upande ulio tayari kupasuka, huweka tindo, hupiga nyundo, kisha hulipwa kwa idadi ya vijiwe, si kwa siku. Malipo ya namna hiyo ndiyo yanayomvuta mtoto kazini, kwa kuwa mkono wa ziada ni vijiwe vya ziada. Sheria ya India, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi migodini. Hata hivyo, inamruhusu mtoto kuisaidia familia yake baada ya masomo, mradi kazi isiwe ya hatari, na huko uani ni vigumu mno kuonyesha msaada umeishia wapi na ajira imeanzia wapi.

Tatizo la watu wazima ni kongwe zaidi. Mchimbaji hupokea malipo ya awali, yaitwayo peshgi, kwa ajili ya harusi au matibabu, kisha hukatwa ujira bila kuliona deni likiisha. Utumwa wa deni ulipigwa marufuku nchini humo mwaka 1976, na mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika kesi ya machimbo ya Faridabad, mji ulio karibu na Delhi, ilisema kwamba pale inapothibitika kuwa kibarua analazimishwa kufanya kazi, ichukuliwe kuwa ni kwa sababu ya deni, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilikuwa ya busara sana, maana kibarua asiye na karatasi hawezi kudaiwa karatasi.

Kisha kuna vumbi. Jiwe la mchanga limejaa madini ya silika, na chembe zake ndogo zikifika ndani kabisa ya mapafu huacha makovu yasiyopona; ugonjwa huo, silikosisi, mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu, hivyo mgonjwa hutibiwa maradhi asiyokuwa nayo. Kutoboa mwamba huku maji yakitiririka hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, ingawa Rajasthan ni jimbo kame ambako maji yenyewe hugombewa. Mwaka 2019 serikali ya jimbo hilo ilitoa sera ya kuwalipa fidia wagonjwa na familia za waliofariki.

Majimbo kadhaa ya Ujerumani yametunga sheria dhidi ya mawe ya makaburi yaliyotokana na ajira ya watoto, na wauzaji hutakiwa kuonyesha uthibitisho. Ni hatua njema, lakini uthibitisho hufika pale tu alipofika mkaguzi. Kwa hiyo mnunuzi wa vijiwe asiishie kuuliza jiwe limetoka machimbo gani. Aulize pia limechongewa wapi, nani alilipwa kwa kila kipande, na kama mkaguzi aliwahi kupita kwenye nyua hizo bila kutoa taarifa mapema.