Kabla Hujaleta Mswaki wa Mtoto Maabara

Malalamiko kwamba sisi wa maabara ya vinasaba (DNA) hapa Dodoma tunazungusha watu wanaotaka kujua baba wa mtoto ni nani yamezidi, kwa hiyo nieleze. Juzi kijana mmoja kutoka Kongwa alifika getini na mfuko wa rambo. Ndani mna mswaki wa mtoto na nywele alizookota kwa kinyozi. "Nipimieni kimya kimya, mke wangu asijue."

Hatupimi kimya kimya. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 inataka ridhaa ya mwenye sampuli, na ombi lije kupitia mamlaka inayotambuliwa, kama mahakama au ustawi wa jamii. Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, umweleze shauri lako, akuandikie barua. Mama, mtoto na mwanaume waje na vitambulisho. Kila mmoja anasuguliwa kijiti chenye pamba ndani ya shavu, sampuli inaingia kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki (plastiki hunasa unyevu, nao huharibu sampuli), bahasha inafungwa na kusainiwa. Majibu yanarudi kwa aliyeandika barua. Usitupigie simu. Na anayekataa kupimwa ajue kuwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama inaweza kuchukulia kukataa huko kuwa sehemu ya ushahidi.

Nywele za kinyozi, kwa taarifa yenu, hazina mizizi, na vinasaba tunavyovitaka viko kwenye mzizi.

Sasa hili la "mama anajua baba ni nani, aseme tu". Jamani! Yai likishatoka huishi takriban siku moja, lakini mbegu za kiume huweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku tano. Aliyelala na mumewe Jumatatu, Jumatano akamfuata yule ambaye moyo ulimtaka, hana namna ya kujua mimba ni ya nani. Hadanganyi. Huweza hata kutokea, ingawa ni nadra, mapacha wakawa na baba wawili, mayai mawili yakipevuka katika mzunguko mmoja. Wakwe wakiona hivyo hukimbilia kusema uchawi.

Masikio ya mtoto kufanana na ya jirani nayo si ushahidi.

Ila kuna jambo watu wanatuficha, nalo linatusumbua kuliko yote: mwanaume wa pili akiwa ni ndugu wa mume. Kaka na mdogo wake wa baba mmoja wana kromosomu Y ileile (sehemu ya vinasaba ambayo baba humpa mtoto wa kiume), na wakichangia na mama, wanafanana karibu nusu ya vinasaba vingine, hivyo ni vigumu kuwatenganisha. Tukiambiwa mapema tunawapima wote wawili na kuongeza vipimo. Aibu hiyo imeze siku ya kwanza, ukiwa na ofisa ustawi. Wakiwa mapacha wa kufanana kabisa, kipimo chetu cha kawaida hakiwatenganishi.

Kijana wa Kongwa tulimwelekeza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilayani kwake. Nywele alizitupa palepale getini. Mswaki akaurudisha mfukoni. Mtoto, alisema, anao huo mmoja tu.