Bajeti ya wilaya "imesawazika", basi hela ziko wapi?

Kila mwezi wa Juni swali hili huzuka Uganda. Mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, anatangaza bajeti isiyo na nakisi, watu wanadhani hazina ya wilaya imejaa. Greda lisipoonekana, hukumu moja: wamekula.

Wizi upo, tusidanganyane. Ila kusawazika kwa bajeti si dalili ya utajiri. Ni sharti la Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997: matumizi yanayopangwa yasizidi mapato yanayotarajiwa. Yanayotarajiwa, si yaliyokwisha kuingia.

Tena zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya wilaya nyingi hutoka serikali kuu Kampala, hasa tangu kodi ya kichwa iliposimamishwa 2005. Sehemu kubwa ni ruzuku zenye masharti. Fedha ya mishahara ya walimu haiwezi kununua kalavati, hata kama mvua imekata barabara ya kwenda sokoni. Na ruzuku ikichelewa, ikafika Mei, mkandarasi hajapatikana bado. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unakwisha, kisichotumika kinarudi hazina kuu, na barabara inabaki vilevile.