Kabla hujatuma mchoro kwa fundi wa leza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Leza ya kukatia ni sahihi, kwa hiyo vipande vitaingiana tu.

Hii ndiyo inayowaumiza wengi, na mimi iliniuma. Nilichora kisanduku cha plaiwudi ya milimita 3, meno na matundu yote milimita 20 kamili. Nilipokiunganisha kikalegea, kuta zikawa zinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mwale wa leza huunguza njia yenye upana wake, na kwenye plaiwudi ya unene huo ni kama milimita 0.2. Mwale ukipita katikati ya mstari, jino hubaki 19.8 na tundu hufika 20.2. Muulize fundi mapema kama programu yake inafidia upana huo au ufidie wewe kwenye mchoro. Mkifidia wote wawili, jino litagoma kuingia.

Halafu plaiwudi inayouzwa kuwa ni ya 3 mara nyingi haifiki 3. Yangu niliipima kwa vernia, kipimo cha unene, nikakuta 2.7. Pima ubao uleule utakaokatwa, kisha ulipie kwanza kipande cha majaribio chenye matundu ya vipimo vinne au vitano. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kurudia kazi nzima.

Dhana: Picha ya nembo niliyonayo kwenye WhatsApp inatosha.

Picha ni vitone, na leza ya kukata hufuata mistari. Tuma faili la vekta, yaani mchoro uliohifadhiwa kama mistari (aina ya DXF au SVG), na maandishi yageuzwe kuwa mistari, la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine. Andika pia vipimo kwenye ujumbe. Milimita zikisomwa kama inchi, kipande huongezeka mara 25.4.

Dhana: Plastiki ni plastiki.

Hapa naomba tusikilizane sana. Akriliki, plastiki ngumu inayofanana na kioo, hukatika vizuri, ukingo ukang'aa kama kioo. PVC, plastiki ya mabomba ya maji, ikiunguzwa hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi: inaunguza mapafu ya fundi na kutafuna vyuma vya mashine. Ngozi nyingi za bandia, zile za viti na mikoba, ni PVC. Kama hujui plastiki yako ni ya aina gani, usiipeleke, na fundi akiikataa usimbembeleze.

Dhana: Iliyokata mbao itakata na chuma.

Mashine nyingi za karakana ndogo ni za kaboni dioksidi, wati 60 au 100. Mwale wake, wa mikromita 10.6, hunyonywa na mbao na akriliki, lakini chuma huuakisi kwa sehemu kubwa. Mwaka 1967 huko Uingereza chuma kilikatwa kwa leza ya aina hiyo, ila kwa msaada wa oksijeni iliyopulizwa pamoja na mwale. Kwa kazi ya bati, tafuta karakana yenye leza ya faiba, ambayo mwale wake hutengenezwa ndani ya nyuzi za kioo.

Dhana: Kipande kidogo, bei ndogo.

Unalipia zaidi muda wa mashine. Kichujio cha ukubwa wa kiganja chenye matundu 400 kinaweza kukugharimu zaidi kuliko kibao kitupu kikubwa mara nne yake. Futa pia mistari iliyolaliana: machoni unaona mmoja, mashine inapita mara mbili, nawe unalipia safari zote mbili huku ukingo ukizidi kuungua.