Je, wajua kungumanga ilihusikaje na kuzaliwa kwa soko la hisa?

Kungumanga unayoikwangua kwenye chai ya viungo, miaka 400 iliyopita ilipatikana mahali pamoja tu duniani: Banda, visiwa vidogo vya Indonesia ya leo. Ikifika Ulaya, bei yake haikamatiki.

Mwanzoni wafanyabiashara wa Amsterdam, Uholanzi, walichanga fedha kwa safari moja moja. Meli ikirudi, mali inauzwa, kila mtu anachukua chake, wanaagana. Lakini ukitaka kuwang'oa Wareno, waliotangulia kwenye biashara hiyo, na kuwabana wenyeji wakuuzie wewe tu, unahitaji ngome na askari, na ngome haipandi meli ikarudi kugawanywa. Fedha sharti zibaki huko huko kwa miaka.

Ndipo mwaka 1602 ikaundwa VOC, kampuni ya Waholanzi yenye mtaji wa gilda (fedha ya Kiholanzi) zaidi ya milioni 6. Serikali iliipa ruhusa ya kujenga ngome, kuajiri askari na kupigana vita. Naam, kampuni! Amsterdam peke yake ilitoa wachangiaji zaidi ya 1,100, hata watumishi wa majumbani wakiwemo. Hati iliwaahidi kwamba baada ya miaka 10 anayetaka atoe fedha zake. Muda ulipofika, mwaka 1612, wakanyimwa. Njia ya kutoka ikabaki moja: umuuzie mwingine fungu lako, jina libadilishwe katika daftari la kampuni. Biashara hiyo ya mafungu ndiyo soko la hisa. Gawio, yaani malipo ya faida kwa wenye mafungu, la mwaka 1610 lilitolewa kwa basibasi, ule utando mwekundu unaoifunika kungumanga.

Wabanda, kwa upande wao, waliendelea kumuuzia yeyote aliyekuja na bei nzuri. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa VOC, akawashukia na jeshi. Wazee wao zaidi ya 40 walichinjwa na mamluki wa Kijapani. Kabla ya hapo Wabanda walikadiriwa kuwa 15,000. Waliobaki visiwani hawakuzidi sana 1,000. Wengine waliuawa, walikufa njaa, walifanywa watumwa au walikimbia kwa mashua. Mikungumanga yao wakagawiwa walowezi, na watumwa wakaletwa kuihudumia.

Waliokimbilia visiwa vya Kei, mashariki ya Banda, walijenga vijiji huko. Lugha ya Kibanda inazungumzwa huko hadi leo. Banda kwenyewe ilishakufa.