Kabla ya Kuitikia Wito wa Yatima, Ulizeni Kwanza Mtoto Ana Nani Nyumbani

Kila ifikapo Novemba simu za ofisi yetu ya watoto huongezeka. Ndio mwezi ambao makanisa mengi, hasa ya Marekani, huadhimisha Jumapili ya Yatima, na wito wa kuwachukua yatima unaotolewa mimbarini huko hutufikia hapa Kenya baada ya siku chache tu. Mchungaji hupiga simu: kuna mume na mke, watu wa maombi, wameguswa na wanataka kuasili watoto wawili, yaani kuwafanya watoto wao kisheria. Dada aliyehamia Minnesota hupiga: kaka yake amefariki na kuacha watoto watatu, anataka kuwachukua. Msimamizi wa makao ya watoto hupiga: wageni wameshafika, wamempenda msichana mmoja, je, karatasi zinachukuliwa wapi? Siku hizi baadhi ya simu hizo huja kama malalamiko, kwamba maafisa wa watoto wanawazuia Wakristo kutenda mema.

Sina shaka na nia ya watu hawa. Nimekutana na familia zilizokopa pesa na kuongeza chumba nyumbani kwa ajili ya mtoto ambaye hawajamwona ila kwenye picha. Upendo wa namna hiyo si kitu cha kubezwa, na makala haya hayaandikwi kuubeza. Yameandikwa kwa sababu upendo huo mara nyingi huanzia kwenye taarifa isiyo sahihi, na anayeumia ni mtoto.

Taarifa yenyewe ni neno yatima. Katika hesabu za UNICEF, yatima ni mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima karibu milioni 140. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kama milioni 15. Maana yake ni kwamba karibu tisa kati ya kumi walikuwa na mama au baba aliye hai. Ile namba kubwa ndiyo inayosomwa kanisani, na msikilizaji huiona picha ya watoto milioni 140 wasio na mtu. Tafadhali, wahubiri, msiisome tena namba hiyo bila kueleza inahesabu nani.

Na hata aliyefiwa na wote wawili, kwa desturi zetu, ana mtu. Ana nyanya, ana shangazi, ana mjomba, ana dada mkubwa aliyeolewa kijiji cha pili.

Nakumbuka makao fulani nje ya mji, ambayo sitayataja jina. Faili ya mvulana wa miaka sita ilikuwa karatasi moja: jina la kwanza, tarehe ya kuingia, na neno "yatima" kwa kalamu ya buluu. Palipotakiwa jina la kijiji palikuwa pamepigwa mstari. Nyuma ya karatasi hiyo kulikuwa na barua ya familia ya ng'ambo pamoja na picha ya chumba, kitanda kimetandikwa na jina la mvulana limeandikwa ukutani kwa rangi. Msimamizi aliniapia kwamba mtoto hana mtu. Nikaomba kuingia jikoni, maana nimejifunza kwamba mpishi huwajua watoto kuliko faili. Mama yule alikuwa akikata sukuma wiki. Hakuinua hata uso. "Huyo? Nyanya yake huja mwisho wa mwezi. Humletea njugu." Akanionyesha mfuko wa unga uliokunjwa juu ya kabati, unamngoja mwenyewe, kwa sababu nyanya huurudisha nyumbani na kuujaza tena.

Nyanya tulimpata, mwendo wa matatu mbili kutoka pale. Binti yake alikuwa amefariki, karo na sare zikamshinda, akaambiwa kuna mahali mtoto atasoma na kula. Karatasi aliyoiwekea kidole gumba alidhani ni ya shule. Ilituchukua miezi mitano kumrudisha mvulana kwake. Familia ya ng'ambo iliumia, na ilikuwa na haki ya kuumia. Ilidanganywa sawasawa na alivyodanganywa nyanya.

Kisa hiki si cha Kenya peke yake. Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti kumi kutoka Marekani walikamatwa wakielekea mpakani na watoto 33 bila hati za kuwatoa nchini. Baadaye ilidhihirika kwamba watoto hao walikuwa na wazazi walio hai. Hapa jirani Uganda, wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma na wamisionari, kumbe walikuwa wanaandaliwa kuasiliwa Marekani. Kwa mpango huo Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu wanne Agosti 2020, wakiwemo majaji wawili.

Hii ndiyo sababu milango ya kuasili kwenda nchi za nje imefungwa, si chuki dhidi ya Ukristo wala wivu wa Waafrika, kama nilivyoandikiwa katika barua moja. Mwaka 2004 familia za Marekani ziliasili watoto karibu 23,000 kutoka nje. Mwaka huo huo muungano wa makanisa na mashirika ya yatima uitwao Christian Alliance for Orphans ulianzishwa huko, na Juni 2009 Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la Kiprotestanti la Marekani, walipitisha azimio la kuhimiza familia zao kuasili. Wito ulizidi kupaa, lakini idadi ilishuka hadi mwaka 2023 haikufika 2,000. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa Septemba 2013. Uganda ilibana sheria yake mwaka 2016, Ethiopia ikapiga marufuku Januari 2018, na China ikafunga mwaka 2024. Kila nchi ilikuwa na sababu zake, ila hapa Afrika Mashariki karatasi zisizosema kweli ndizo zilizotufikisha hapa.

Sasa Kenya. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni, wawe wanaishi nje au wawe wakazi wa hapa nchini. Mwaka 2019 msimamo huo ukakazwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ina vifungu vinavyohusu kuasili kwa familia za nje, na watu huvisoma wakadhani mlango uko wazi. Kuwepo kwa kifungu katika sheria hakumpi mtu kibali. Kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, andika kwa Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto uulize hali ilivyo wakati huo, na upate jibu kwa maandishi. Jibu la wakili kwa simu halitoshi. Jibu la askofu, kwa heshima zote, halitoshi pia.

Wenzetu wa ng'ambo ndio hukasirika zaidi. "Mimi ni Mkenya, pasipoti ninayo, huyu ni damu yangu." Naelewa. Lakini Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi, ambao Kenya na Marekani zote zimejiunga nao, huangalia makazi. Ukiwa unaishi Dallas na mtoto anaishi Kakamega, kumwasili na kumpeleka Dallas ni kuasili kati ya nchi mbili, hata kama wewe ni shangazi yake wa tumbo moja na baba yake. Mamlaka za nchi zote mbili ni lazima zikubali kabla mtoto hajasafiri. Tena hati ya ulezi, inayokuruhusu kumtunza mtoto bila kumfanya wako kisheria, si hati ya kuasili. Wapo wanaotumia pesa nyingi kupata amri ya ulezi hapa, wakaipeleka ubalozini wakitarajia viza ya mtoto aliyeasiliwa, wakarudi mikono mitupu. Msianze na tiketi ya ndege. Anzeni na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo anakoishi mtoto.

Kwa Wakenya wanaoishi hapa nchini, kuasili kunawezekana, na ningependa makanisa yetu yalitangaze hilo kwa nguvu ile ile yanayotangazia wageni. Mwombaji awe ametimiza angalau miaka 25 na amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Unaanzia kwenye shirika la kuasili lililosajiliwa, ambalo litakutembelea nyumbani, litazungumza na majirani na ndugu zako, litaangalia afya, kipato na rekodi yako ya polisi. Mtoto naye lazima awe ametangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa. Hapa ndipo watu huchoka. Kama mtoto aliokotwa, polisi wanapaswa kumtafuta mzazi, na barua yao ya kuthibitisha kwamba hajapatikana haitolewi wiki ile ile. Kama mzazi yupo, ridhaa yake lazima iwe ya maandishi na aelewe anachokitia sahihi, na haipokelewi kabla mtoto hajafikisha wiki sita. Kisha unaishi na mtoto chini ya uangalizi, ndipo ombi linapelekwa mahakamani, mahakama inamteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika kesi, ripoti zinasomwa, na amri ikitoka mtoto anaandikishwa katika daftari la watoto walioasiliwa. Kila hatua ina karatasi yake, na karatasi moja ikikosekana faili hurudi mwanzo. Najua inachosha. Lakini ndivyo mvulana yule wa njugu alivyonusurika.

Kuhusu adhabu nitasema kwa urefu, kwa sababu wengi hudhani kosa la aina hii huisha kwa onyo. Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, kwa anayesafirisha watu kwa ajili ya unyonyaji. Sheria hiyo hiyo inamgusa pia anayeasili mtoto, anayemtoa aasiliwe au anayeanzisha kesi ya kuasili au ya ulezi kwa kusudi hilo. Mtasema, sisi hatunyonyi mtu. Ni kweli, na hakuna anayewashtaki kwa nia njema. Shida ni kwamba katikati yenu na mtoto husimama dalali, na shukrani mliyompa chini ya meza ndiyo itakayosomwa mahakamani kama malipo. Kadhalika cheti cha kuzaliwa chenye jina la uongo, hati ya kiapo ya jirani aliyeambiwa aseme yeye ni mjomba, na barua ya chifu iliyoandikwa bila chifu kufika kijijini ni makosa ya jinai yanayojitegemea, hata kama mtoto hakuvuka mpaka. Mchungaji aliyetia mhuri wa kanisa kwenye barua kama hiyo ataitwa kueleza.

Naombwa kila mara niseme basi familia iliyoguswa ifanye nini, kana kwamba nje ya kumchukua mtoto hakuna kazi. Kazi ipo, na ni kubwa. Mkakati wa kitaifa wa kuleta mageuzi katika malezi ya watoto, wa mwaka 2022 hadi 2032, unalenga kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Makao mengi yanaendeshwa kwa sadaka za makanisa ya ng'ambo, na sadaka hutumwa kwa idadi ya vitanda vyenye watoto. Kitanda kikibaki kitupu, fedha hupungua. Sihitaji kueleza zaidi kwa nini faili huwa na karatasi moja. Andikeni kwa makao mnayoyasaidia muulize ni watoto wangapi wamerudi kwao mwaka huu, na muahidi kwamba msaada utaendelea, na utamfuata mtoto hadi kwa nyanya.

Angalieni pia thamani ya pesa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huipa kaya inayolea yatima na watoto walio katika mazingira magumu shilingi 2,000 kwa mwezi. Kuna nyanya wanaolea wajukuu wanne kwa fedha hiyo na kibarua cha shambani. Nauli ya kundi la vijana wanaokuja kupaka rangi ukuta wa makao kwa siku kumi ingewalipia karo wajukuu hao kwa miaka. Mtoto mwenye ulemavu aliyeachwa makao mara nyingi aliachwa kwa kukosa kiti cha magurudumu, matibabu au shule iliyo karibu. Hivyo ni vitu ambavyo kanisa linaweza kununua. Na kwa mtoto ambaye kweli ndugu wametafutwa wakakosekana, tunahitaji familia za Kenya zilizo tayari kwa malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto kwa muda bila kumwasili, na kwa Waislamu sheria ya 2022 inatambua kafala, malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu. Familia hizo zinahitaji watu wa kuzisaidia.

Wanaonikumbusha waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, mstari wa 27, nawaomba wausome hadi mwisho. Yakobo hakutaja yatima peke yake, alitaja yatima na wajane kwa pumzi moja. Mama yake mtoto yumo katika mstari huo huo.

Ukiwa na mtoto unayemjua, au unashuku kwamba mtoto anaandaliwa karatasi za uongo, piga simu 116, ni bure. Ukija ofisi ya watoto, njoo na ulicho nacho: cheti cha kuzaliwa kama kipo, cheti cha kifo cha mzazi, kadi ya kliniki, barua ya chifu, jina la shule aliyowahi kusoma. Kama huna hata kimoja, njoo na jina la mtu wa mwisho aliyekuwa akiishi naye kabla ya kuingia makao, na jina la soko au kanisa lililo karibu na nyumba yao. Tutaanzia hapo.