Je, tiba ya kisasa inauzuia uteuzi asilia kwa binadamu?

Neno "uteuzi" lina kasoro moja: linatufanya tumtafute mteuzi. Tukisikia mkurugenzi ameteuliwa, tunajua yupo aliyetia saini. Katika baiolojia hayupo mtu wa namna hiyo. Uteuzi asilia ni jina la jambo linalotokea lenyewe pale mambo matatu yanapokutana: viumbe wa aina moja wanatofautiana, baadhi ya tofauti hizo hurithiwa, na wenye tofauti fulani huacha watoto wengi kuliko wenzao. Vizazi vikipita, jeni za walioacha watoto wengi huongezeka.

Kwa hiyo swali la kama tiba "inaingilia" uteuzi asilia linabeba dhana potofu ndani yake, kana kwamba kulikuwa na mpango fulani na sisi tukauvuruga. Wengi wanaouliza wana picha ya mwenye nguvu mpishe: zamani wadhaifu walikufa wakabaki madhubuti, leo hospitali zinawaokoa wote, basi binadamu anazidi kudhoofika. Hofu hiyo si ngeni. Mwaka 1871 Charles Darwin, mwanasayansi aliyeiasisi nadharia ya uteuzi asilia, aliandika kwamba chanjo ya ndui imewaokoa maelfu ya watu ambao, kwa udhaifu wa miili yao, wangekufa. Papo hapo aliongeza kwamba kuacha kuwasaidia wanyonge kungeharibu sehemu bora kabisa ya utu wetu. Waliomfuata walikariri nusu ya kwanza. Jimbo la Indiana nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu waliodhaniwa kuwa na kasoro mwaka 1907, na Ujerumani ya Hitler ikafanya hivyo mwaka 1933.

Hata mfano wenyewe wa ndui una walakini. Ugonjwa ule uliua takriban watu 3 kati ya 10 waliouambukizwa, lakini nani afe na nani apone kulitegemea pia umri, lishe, kiasi cha virusi vilivyomwingia mtu na bahati tupu. Aliyekufa kwa ndui hakuwa lazima na jeni mbovu. Chanjo iliwaokoa watu wa kila aina.

Lakini tusiruke upande wa pili tukadai kwamba tiba haijabadilisha chochote. Kwa sehemu kubwa ya historia, karibu nusu ya watoto wote walikufa kabla ya kuwa watu wazima. Leo, kwa wastani wa dunia, wanaokufa kabla ya kutimiza miaka mitano hawafiki 4 kati ya 100. Mlango mkubwa ambao uteuzi ulipitia, yaani vifo vya utotoni, umefungwa karibu wote. Maji safi, chakula na sabuni vimechangia hapo pamoja na dawa, jambo ambalo wanaoilaumu hospitali huwa hawalitaji.

Je, jeni zenye madhara zinalundikana basi? Hapa inafaa kupiga hesabu. Chukua ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambapo mwili hushindwa kuvunja kiungo kimoja cha protini, nacho hujikusanya na kuharibu ubongo. Mtoto akigunduliwa katika siku za kwanza na kupewa lishe maalumu, hukua vizuri. Kwa watu wenye asili ya Ulaya hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 10,000, na ili augue lazima arithi nakala mbili za jeni yenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama. Sasa, katika watu hao 10,000 wamo wengine karibu 200 wenye nakala moja tu, wazima kabisa, wasiojua kama wanayo. Nakala 200 zimejificha kwa wazima, mbili ziko kwa mgonjwa. Hata enzi ambazo hakukuwa na tiba, uteuzi uliziona hizo mbili tu. Tuseme nakala zilizopotea zilikuwa zikifidiwa na mabadiliko mapya ya jeni. Ukimwokoa kila mgonjwa naye akazaa, ongezeko ni kama nakala mbili kwa kila 200 katika kizazi kimoja. Ili jeni hiyo iongezeke maradufu vinahitajika vizazi 100 hivi, yaani miaka 2,500 ukihesabu 25 kwa kizazi.

Kwa magonjwa yanayosababishwa na nakala moja tu mambo huenda kwa kasi zaidi. Ila mengi ya magonjwa yanayojaza wodi, kama saratani na ya moyo, huwapata zaidi watu waliokwisha kuzaa. Kumtibu babu wa miaka sabini hakugusi sana uteuzi asilia, kwani jeni zake zilishapita zamani.

Miwani nayo hutajwa sana. Ni kweli kwamba mwindaji asiyeona mbali angepata shida, lakini kutoona mbali kumeongezeka mno katika miji ya Asia ya Mashariki ndani ya miongo michache. Jeni haziwezi kukimbia hivyo. Sababu zinazoonekana wazi ni saa nyingi za kusoma na muda mchache wa kukaa kwenye mwanga wa nje.

Kujifungua kwa upasuaji ni mfano mgumu zaidi. Mwaka 2016 Philipp Mitteroecker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vienna walikadiria kwamba, kwa sababu ya upasuaji huo, watoto wasioweza kupita kwenye nyonga ya mama wameongezeka kutoka kama 30 hadi kama 36 kwa kila uzazi 1,000 tangu katikati ya karne ya 20. Habari hiyo ilienea kama moto. Lakini yalikuwa makadirio ya hesabu, hakuna aliyepima nyonga za vizazi viwili akalinganisha. Mimi naliona wazo lenyewe ni la busara, ila namba zake zisinukuliwe kama kipimo.

Mfano ninaoupenda ni wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwenye nakala mbili za jeni hiyo huugua. Mwenye moja ni mzima, tena ana kinga dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti wa Afrika Mashariki. Jeni ni moja, lakini penye malaria inasaidia na pasipo malaria inabaki mzigo. Sasa ingiza tiba. Dawa za selimundu zinawaongezea wagonjwa nafasi ya kuishi na kuzaa, hivyo zinaibakiza jeni. Vyandarua na dawa za malaria zinaiondolea faida yake, hivyo zinaipunguza. Tiba mbili zinavuta kamba moja kutoka ncha mbili. Hapo ukiuliza kama tiba "inaudhoofisha" ukoo wa binadamu, utauliza kwa kipimo gani? Kufaa ni kufaa mahali fulani, na hospitali ni sehemu ya mahali hapo kama ilivyo mvua au mbu.

Na uteuzi haujakoma, umehamia mlango mwingine. Watoto wakiisha kuwa hai karibu wote, kinacholeta tofauti ni nani anazaa wangapi na akiwa na umri gani. Vidonge vya kupanga uzazi, na utungishaji wa mimba nje ya mwili uliofanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978, vinagusa jambo hilohilo.

Anayetaka kuona dawa ikiendesha uteuzi asilia mbele ya macho yake, atazame vimelea, ambavyo vizazi vyake ni vifupi mno kulinganisha na vyetu. Klorokwini ilipotumika kila mahali, vimelea sugu vya malaria vilitawala. Malawi iliiacha dawa hiyo mwaka 1993. Bila klorokwini, usugu ulikosa faida, vimelea visivyo sugu vikarudi, na ilipojaribiwa tena huko mwaka 2005 iliwaponya karibu wagonjwa wote waliopewa.