Blanketi la Drafti Sebuleni: Yanayosemwa na Yalivyo

"Drafti, ile miraba ya rangi iliyopishana, hujaza chumba kelele za rangi." Hili ndilo nalisikia kuliko yote, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Chukua blanketi la drafti lililofumwa, ulisogeze karibu na uso. Nyuzi za mtande zimekwenda urefu, za mshindio zimezikatiza. Uzi mwekundu ukikutana na mwekundu mwenzake, unaona nyekundu tupu. Ukikutana na mweusi, inazaliwa rangi ya tatu, kama damu ya mzee, ambayo hakuna aliyeichovya kwenye pipa. Rangi mbili huzaa tatu, nne huzaa 10, sita huzaa 21. Zote ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana hazipigi kelele.

Kinachovuruga chumba ni ukubwa wa miraba. Miraba midogo kando ya mapazia yenye maua madogo hugombana nayo, kwa kuwa jicho halijui lianze wapi. Weka miraba mikubwa, ugomvi umekwisha. Halafu itafute ile rangi ya mstari mwembamba kabisa, ambayo mtu haioni mpaka akae, uirudie kwenye mto mmoja. Mmoja tu. Ukirudia ile rangi kubwa, sebule inageuka sare ya shule.

"Drafti zote ni sawa." Ligeuze. Lile ambalo miraba yake imechapishwa juu ya kitambaa, kwa kawaida limefifia upande wa nyuma, na kwenye mkono wa kochi lazima pembe moja ijipindue ikuumbue. Lililofumwa kwa mshazari, nyuzi mbili juu na mbili chini, halina mgongo wa kuficha.

Wapo pia wanaoogopa kwamba kila drafti ina ukoo wake wa Uskoti tangu enzi na enzi, kwamba ukiitandika umeiba. Waingereza huiita drafti plaid, na neno la Kigaeli, lugha ya Uskoti, plaide, lina maana ya blanketi, wala si nembo. Sheria ya 1746 iliwakataza wanaume na wavulana mavazi ya nyanda za juu za huko, ikafutwa 1782. Desturi ya kugawa drafti kwa koo ilishika kasi baada ya mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822. Tandika bila hofu.

"Sufu ndiyo blanketi, akriliki, ule uzi wa kiwandani unaoiga sufu, ni takataka." Sufu ina sifa zake, nakubali: hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake bila wewe kuhisi umajimaji. Lakini haitaki maji ya moto na misukosuko. Langu nililitia kwenye mashine bila kusoma lebo, likatoka gumu kama zulia, likitosha kufunika magoti tu. Akriliki huota vinundu, ila hufuliwa bila wasiwasi, na penye watoto mimi naichagua hiyo. Pamba ni kwa wenye joto.

Na eti blanketi hutoa joto, kwa hiyo ni la msimu wa baridi tu? Halitoi chochote. Huzuia hewa iliyopashwa na mwili wako isitoroke.

Kuhusu kulipanga: likunje mara tatu kwa urefu, ulining'inize kwenye mkono mmoja wa kochi, ncha moja ishuke zaidi ya nyingine. Usilitandaze kochi zima, wageni watajua kuna doa chini yake.